Mwinyi wa London na Msichana wa Sinza

Hadithi za mapenzi nilianza kuzisoma kidato cha pili, shule ya bweni, chini ya blanketi, tochi mdomoni. Mdomoni kwa sababu mkono mmoja unashika kitabu na mwingine unashika blanketi lisifunuke mwanga ukatoka. Vitabu vyenyewe vilikuwa vile vidogo vya Mills & Boon, wachapishaji wa Uingereza walioanza kazi mwaka 1908, na viliingia shuleni kwa njia wanazozijua walioviingiza. Kitabu kimoja kilizunguka bweni zima. Kikifika vitanda vya mwisho kimeshakatika vipande vitatu, na mimi niliyelala karibu na mlango nilizoea kusoma harusi kabla ya kumjua bwana harusi.

Vilikuwa vya aina mbili. Kuna vya kisasa: nesi na daktari, karani na bosi wake, Mgiriki mwenye meli anayegombana na msichana asiye na nauli. Na kuna vya kale: gauni linaloburura, gari la farasi, mshumaa, barua iliyofungwa kwa lakiri. Wenzangu waligombea vya kisasa. Mimi nikashikamana na vya kale kwa miaka ishirini na ushei. Nilipoanza kazi mjini nilikuwa navinunua kwenye meza za vitabu vya mtumba kule Posta, shilingi 2,000 kimoja, nikavisoma kwenye daladala na baadaye kwenye mwendokasi wa Kimara, nimesimama, nimening'inia kama popo.

Vingi vya hivyo vya kale vimekaa kwenye kipindi kimoja kifupi cha Uingereza, 1811 mpaka 1820, pale Mfalme George III alipozidiwa na maradhi ya akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Miaka tisa tu, lakini waandishi wameijaza dansi, wivu na ma-duke, wale mabwana wakubwa wanaoufuata ukoo wa mfalme kwa cheo. Ma-duke vijana, warefu, matajiri na wasio na mke walioko kwenye rafu yangu peke yake wanazidi ma-duke wote halisi wa wakati ule. Hao, ukiacha ndugu wa mfalme, hawakufika hata arobaini, na sidhani kama wote walikuwa na meno.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Jane Austen, mwandishi Mwingereza wa wakati uleule, ambaye hadithi hizi zinamchukulia kama bibi yao, hakuandika hadithi za kale hata kidogo. Kitabu chake maarufu kuliko vyote kilitoka 1813 na kilisimulia watu wa namna aliyokuwa akiishi nao. Kwake ilikuwa hadithi ya leo, imekuwa ya kale kwa kukaa tu. Hata vile vya nesi na daktari tulivyovisoma bwenini, nikivishika sasa naona simu za mezani na barua za kazi zilizopigwa taipu. Vimezeeka bila kutoka mahali vilipo.

Sababu ya mimi kuvikimbia vya kisasa ilikuwa kazi yangu. Nachapa nyaraka kwenye ofisi ya mawakili, si mbali na Mahakama ya Kisutu. Talaka ni chakula chetu cha kila siku. Kabla ombi halijafika mahakamani, sheria kwa kawaida inataka mume na mke wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likishindwa linathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa. Kisha vinafuata vielelezo. Siku moja nilipewa faili nipange viambatisho, na kimojawapo kilikuwa ujumbe wa WhatsApp, umepigwa picha, umechapwa kwenye karatasi ya A4: "Umekula mpenzi wangu? Usilale na njaa." Ulitoka kwa mume. Haukwenda kwa mke.

Ukishinda na karatasi kama hiyo tangu saa mbili asubuhi, jioni huna hamu ya kusoma kijana wa Mikocheni anavyomwandikia msichana wa Mbezi "umekula?" Nilikuwa naona kielelezo tu. Lakini kule kwa ma-duke barua inakwenda siku tatu. Mtu akigusa mkono uliovuliwa glavu, ukurasa mzima unatetemeka. Na kulikuwa na jingine, la ufundi: mwandishi wa kale hahitaji kutafuta kizuizi. Mila, sheria na baba wa msichana wanamfanyia kazi yote. Mwandishi wa kisasa lazima aeleze kwa nini watu wawili wenye simu mbili za mkononi hawaelewani kwa sura thelathini, na wengi, tuseme ukweli, wanaishia kwenye simu kuzima chaji.

Kwa hiyo nilikuwa nanunua subira kwa shilingi 2,000, na subira hiyo ikaniponza.

Nilikuwa na miaka 27. Kijana mmoja wa duka la vipuri Gerezani alikuwa ananifuatilia kwa heshima zake. Meseji zake fupi: "Mambo." "Umefika?" "Poa." Nikamwambia, kwa maringo niliyoyaokota vitabuni, kwamba mimi meseji sitaki, aniandikie barua. Akacheka, halafu akaandika kweli. Ilikuja nyuma ya risiti ya duka, kalamu ya bluu: "Habari za siku. Biashara mwezi huu ngumu kidogo ila Jumamosi nitakuja. Nimekununulia tochi ya kuchaji maana nasikia umeme wenu unakatika na wewe unapenda kusoma." Upande wa pili: shokapu mbili za mbele, jumla ndogo, sahihi.

Nilicheka mpaka machozi. Kibaya zaidi niliipeleka ofisini nikaisoma kwa sauti wakati wa chai, na nikaongeza sauti ya mbwembwe kwenye "ngumu kidogo". Dar ni kubwa kwa ramani tu. Yalimfikia. Jumamosi hakuja. Tochi aliituma kwa bodaboda, nauli imeshalipwa.

Hilo niliishi nalo kimyakimya mpaka mwaka 2021, macho ya bibi yalipoharibika.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Magomeni Mapipa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kapangisha vinne. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anasubiri tarehe ya upasuaji, na runinga ilikuwa imegeuka ukungu unaoongea. Nikawa nashuka kituo cha Mapipa kila nikitoka kazini, nakaa naye saa moja na nusu kabla ya kuendelea Kimara. Siku ya kwanza tuliongea. Siku ya pili maongezi yakaisha. Siku ya tatu akaniuliza, "Mke mwenzangu, hicho kitabu unachonyamazia kina nini? Nisomee na mimi."

Kilikuwa cha Kiingereza. Nikawa namfasiria papo hapo. Duke nikamwita Mwinyi, maana sikuona neno jingine la kumfaa bwana mwenye eneo lake na watu wake.

"Huyo Mwinyi kazi yake nini?"

"Ana mashamba, bibi."

"Analima?"

"Halimi. Anapokea kodi."

"Na chombo cha usiku kule chumbani, asubuhi anamwaga nani?"

Miaka yote ile nasoma juu ya vyumba vya kulala vya mabwana, sikuwahi kujiuliza.

Nilitegemea atachoka. Nilidhani mambo ya London ya miaka 200 iliyopita yatakuwa mbali naye kuliko mwezi. Kumbe alikuwa yuko nyumbani kwao. Msichana hatoki bila mtu mzima wa kumsindikiza? "Ndivyo." Mgeni wa kiume akija hawaachwi peke yao? "Sasa hapo ataitwa mama mdogo aje akae chumba hichohicho, ajifanye anashona." Nikafungua ukurasa, na kweli, akaingia shangazi mtu na kitambaa chake cha kudarizi. Bibi akapiga kofi pajani. Alikuwa anaijua hadithi kuliko mimi niliyeisoma mara mbili. Yeye alipovunja ungo aliwekwa ndani, nyumba ya baba yake Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, na dunia yake ikawa ua na ufa wa mlango. Kusoma Kurani alifundishwa. Kuandika hakufundishwa, kwa sababu wakubwa walisema binti akijua kuandika atawaandikia wanaume.

Pale nilipotegemea mshangao hakushangaa, na aliposhangaa mimi nilikuwa nimepapita bila kupaona. Tulifika kwenye mahari. Nikamweleza kwamba kwa hao mabwana, baba wa binti ndiye anayetoa fedha, zinakwenda kwa mume.

"Wanamnunua mume?"

"Ni kama hivyo."

"Na vitu vya huyo binti mwenyewe? Dhahabu yake, shamba la urithi?"

Nikamwambia akishaolewa, kwa kawaida mali yake ilikuwa inahesabiwa ya mumewe, mpaka sheria ya mwaka 1882 ilipokuja kuwapa wanawake walioolewa haki ya kumiliki vya kwao. Bibi akakaa wima. Yeye ana minazi kumi na moja Mbwamaji aliyorithi kwa baba yake, na mahari yake aliiweka mwenyewe kwenye sanduku. Babu yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kugusa hata nazi moja bila kuomba. "Basi Mwinyi mzima wa London," akasema, "mke wake hana hata sufuria." Akacheka peke yake kwa muda mrefu, na mimi nikabaki na kitabu wazi, nikimtazama yule bi harusi wangu wa gauni jeupe kama mtu aliyeibiwa.

Kuna jioni moja hatukucheka. Aliuliza Mwinyi huyu, ukiacha kodi, utajiri mwingine kautoa wapi. Kitabu kilitaja kwa mstari mmoja tu mashamba ya miwa ya Karibiani. Nikamweleza mashamba yale yalilimwa na nani, na kwamba Waingereza walipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807 lakini utumwa wenyewe kwenye makoloni yao ya huko wakauacha mpaka sheria ya 1833. Bibi hakusema kitu. Bibi mzaa bibi yake hakuzaliwa pwani. Aliletwa. Jina la kwao halijulikani, na hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria 1922, akina mama wa rika la mama yake bibi wameshakuwa watu wazima.

"Endelea kusoma," akasema.

Nikaendelea, lakini chai ya yule shangazi mwenye kitambaa haikuwa na ladha ileile.

Tulipomaliza kitabu (walioana, bila shaka, aina hii ya hadithi haikubali vinginevyo) nikataka kuanza kingine cha rafu hiyohiyo. Kilikuwa na kutoroshana ndani, kitu ninachokipenda kupita kiasi. England sheria ya 1753 iliwabana walio chini ya miaka 21 wasioe wala kuolewa bila ridhaa ya wazazi, Scotland haikuwabana, basi wapenzi walikuwa wanakimbia na gari la farasi usiku kucha mpaka kijiji cha Gretna Green, hatua chache baada ya mpaka. Bibi akasikiliza kurasa nne.

"Sisi walikuwa wanakimbilia Unguja kwa jahazi," akasema. "Nayajua hayo. Huna ya sasa?"

Sikuwa nayo. Ikabidi nimwombe dada wa mapokezi ofisini, ambaye amejiunga na kundi la WhatsApp linalouza simulizi kwa vipande: unatuma shilingi 500 kwa simu, unapata sehemu inayofuata, na kila sehemu inakatika mahali pabaya kwa neno "Itaendelea". Hadithi yenyewe, kwa viwango vyangu, ilikuwa ya kawaida kabisa. Msichana wakala wa fedha za simu, kapanga chumba na sebule Sinza. Kijana dereva wa teksi za mtandaoni anayempenda lakini anamkwepa, kwa sababu mwenye nyumba wake anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na yeye hana hata ya mmoja. Nikasoma harakaharaka ili nifike kwenye mapenzi.

"Rudia hapo," bibi akasema.

"Wapi?"

"Aliporudi kazini."

Nikarudia. Msichana karudi usiku, kafungua mlango, kaufunga kwa ndani, kavua viatu kwa kisigino, kakaanga mayai mawili, kayala akiwa amesimama, sufuria mkononi, anaangalia simu. Mistari minne ambayo mwandishi aliiweka, nina hakika, ili tu kupitisha muda.

"Ufunguo ni wake?"

"Wake, bibi."

"Hakuna aliyemuuliza katoka wapi?"

"Anaishi peke yake."

"Na mayai yote mawili kayala yeye?"

Niliisoma mistari ile mara tatu jioni hiyo. Busu lilipokuja, sehemu ya tisa, bibi alikuwa anasinzia.

Nikiwa kwenye mwendokasi kuelekea Kimara nilikuwa najaribu kufungua mkoba kutafuta kadi, nikagusa ufunguo wa chumba changu. Ni kitu ninachokipoteza kila wiki na kukitukana kila wiki. Mimi nilikuwa naitamani subira ambayo hakuna aliyewahi kunilazimisha kuikaa, na bibi alikuwa anautamani mlango ninaoufunga kila usiku bila kuufikiria. Baada ya hapo niliacha kubishana na watu kama hadithi tamu ni ya kale au ya sasa. Huwa nauliza kwanza anayesoma anatoka wapi jioni ile. Wale wadada wa ofisini wanaosema vya kale vinachosha, wengi wamelelewa na akina bibi wa aina ya bibi yangu, tena ndani ya nyumba hizohizo. Wanajua ua unanukaje.

Na vya kale vyenyewe si vya kale kama vinavyovaa. Bibi aliwahi kuuliza yule bi harusi wa Mwinyi ana miaka mingapi. Kumi na saba, nikasema, kwa sauti ya kuhurumia. Akashangaa nahurumia nini. Ofisini kwetu kuna nakala ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nimeichapa hoja hiyo kwa vidole hivi, halafu jioni nikaenda kununua hadithi ya bi harusi wa kumi na saba nikaona raha.

Habari ya tochi nilimwambia bibi siku umeme ulipokatika Magomeni. Nilikuwa namsomea kwa mwanga wa tochi ileile, bado inafanya kazi, akauliza nimeinunua wapi. Nikamsimulia yote, na chai ya ofisini nikaitaja. Kimya kilikuwa kirefu.

"Mwanaume kakuletea mwanga," akasema, "ukamcheka."

Hakuongeza, na mimi sikujitetea. Yule kijana sasa ana duka lake mwenyewe na watoto wawili, tukikutana tunasalimiana vizuri tu.

Wiki ya mwisho kabla ya upasuaji wake nilijaribu mara moja tena kumrudisha kwenye mambo ya kale. Nikachagua ya kweli. Bibi huwa anatusimulia jinsi Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, alivyokuja Dar es Salaam mwaka 1956. Yeye alikuwa ameshaposwa, zimebaki wiki chache za ndoa, akaombewa ruhusa, akatoka na shangazi yake ndani ya buibui wakasimama juani kumwona akipita. Ndiyo maana hospitali ya Muhimbili zamani iliitwa Princess Margaret, na bibi mpaka leo akikwambia fulani kazaliwa "Prinsesi" ujue anasema Muhimbili. Kofia ya yule dada anaikumbuka. Yaliyomo chini ya kofia hakuwahi kuambiwa.

Basi nikamwambia. Kwamba mwaka mmoja kabla ya safari ile, tarehe 31 Oktoba 1955, binti yule alitangaza mbele ya dunia kwamba hataolewa na mwanaume aliyempenda, Peter Townsend, rubani wa vita. Kwamba Townsend alikuwa ameachana na mkewe, na kanisa lao halikubali. Kwamba sheria ya tangu 1772 iliweka ndoa za ukoo wao chini ya ridhaa ya anayekaa kwenye kiti cha enzi, na aliyekaa pale ni dada yake wa tumbo moja. Kwamba siku ile anapunga mkono kwenye barabara zetu, alikuwa na miaka 26, na moyo wake umefungwa.

Nilisimulia vizuri, nakiri. Nilishusha sauti mahali pa kushusha. Nilitegemea machozi.

"Alikuwa anamwona?" bibi akauliza.

"Nani?"

"Huyo rubani. Walikuwa wanaonana, wanaongea?"

"Miaka mingi, bibi. Alikuwa anafanya kazi kwao, kwa baba yake mfalme."

"Ana afadhali," akasema. "Mimi babu yako sura yake niliiona mchana siku ya pili ya ndoa."

Akajifunika kanga vizuri miguuni. Nje mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa anatia maji ndoo.

"Haya, tuachane na Prinsesi. Yule wa Sinza, simu kapokea au hajapokea?"

"Mpaka tulipie, bibi."

Akalipapasa pindo la kanga, akalifungua fundo kwa meno, akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne.

"Lipa mbili," akasema.